Sura ya Saba: Hatua Mbili

Wazee saba walikuwa wameshazikwa Sajini Kepher Obiero alipofika Tebeswet, na wa nane alikuwa akikoroma nyuma ya pazia kwa namna ambayo haikumpa mtu matumaini. Mvua ilikuwa imemfuata sajini na baiskeli yake tangu Litein. Mvua ya Kericho haina haraka, inanyesha kama mtu aliyelipwa kwa siku.

Langoni palikuwa na kamba ya katani iliyofungwa mara tatu, debe la maji, kipande cha sabuni ya kufulia na jiwe bapa la kuwekea chakula. Nyuma ya kamba alikaa bawabu, Onyancha, mtu mwembamba aliyejifunika gunia kichwani.

"Simama hapo, afande. Osha mikono mpaka kwa kiwiko. Halafu funga hii kwa mdomo." Akarusha kitambaa cha amerikani kilichonuka moshi na chumvi. "Na hapa ndani ni hatua mbili kutoka kwa mtu. Hata kama wewe ni Serikali."

Obiero akaosha, akafunga. Moyoni alikubali kwamba amewahi kuona kituo cha polisi kisicholindwa vizuri hivi.

Barua ya Bwana DC ilikuwa mfukoni, imelowa kwenye pembe. Ilikuwa na mistari michache tu. Mhudumu aitwaye Syprose alishtakiwa kuvunja karantini na kuingiza homa ya mafua katika Nyumba ya Wazee. Ikithibitika, yeye angefungwa miezi sita, na Nyumba ingefungwa pia, maana nyumba isiyoweza kuwalinda wazee haina kazi. Lori lingekuja kesho asubuhi kuwachukua waliobaki na kuwarudisha makwao. Waliobaki walikuwa kumi na mmoja. Walikuwa vibarua wa zamani wa reli na wa mashamba ya chai, watu waliozeeka kwenye kazi ya wengine, na zaidi ya nusu yao hawakuwa na kwao pa kurudishwa. Mwandishi wa barua hakulijua hilo, au alilijua akaona halimhusu.

"Wewe ndiye uliyemwona?" Obiero aliuliza.

"Mimi si mchongezi, afande."

"Sijasema hivyo. Uliona nini?"

"Ilikuwa Alhamisi, jua likiingia. Nilimwona Syprose akitoka kule nyuma kwa michongoma. Sketi yake ilikuwa matope mpaka magotini. Mtoto wake alikuwa mgonjwa huko laini, kwa nyumba za vibarua wa chai, kila mtu anajua. Na Ijumaa asubuhi wazee wanne wameamka na homa. Hii si hesabu ngumu."

"Ulimwona akivuka?"

Onyancha alitazama debe la maji. "Niliona matope."

Watu wengi wamefungwa kwa ushahidi mdogo kuliko huo, na Obiero mwenyewe alikuwa amewafunga baadhi yao. Akaandika neno moja, *matope*, akaelekea kwenye Nyumba.

Msimamizi wa Nyumba alikuwa Mama Elmina, mjane wa misheni, mnene, mwenye sauti ya kuzoea kusikilizwa. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukesha. Alimtembeza sajini kwa umbali uleule wa hatua mbili, akimwonyesha kila kitu kimoja kimoja kama mtu anayeonyesha nyumba iliyoungua.

"Wiki tatu zimepita tangu nifunge lango, hata kabla ya Bwana DC kusema. Niliikumbuka ile homa ya baada ya vita. Chakula kinaletwa na Sellah, dada yake Syprose. Anaweka kwa jiwe, anaenda zake, ndipo sisi tunachukua. Vitanda nimevitenganisha. Madirisha hayafungwi, hata kukinyesha. Vitambaa vya mdomo vinachemshwa kila jioni."

Vilikuwa vimeanikwa barazani upande wa wanaume, kama kumi na viwili, juu ya ufito mrefu ulioning'inizwa kwa kamba chini ya paa. Obiero aliinama kuvipita.

"Na wageni?"

"Wageni wanasimama barabarani wanapiga kelele. Wazee wanajibu wakiwa hapa barazani. Hivyo ndivyo wanapata habari." Akasita. "Si wote. Mzee Kebaso masikio yake yamekufa. Ndugu yake, Bogonko, alikuja ile wiki ya pili. Miaka tisa hakuwahi kukanyaga hapa. Alisimama barabarani akaita mpaka sauti ikakauka, na Kebaso anatabasamu tu, hasikii. Bogonko akaenda zake."

"Miaka tisa kwa nini?"

"Mambo yao ya Kisii. Sikuuliza."

Obiero aliomba daftari la homa. Elmina alikuwa ameliandika vizuri, mstari mmoja kwa kila mzee kila asubuhi. Ijumaa ile kulikuwa na majina manne, yote ya wanaume, na vitanda vyao vilikuwa vya mwisho, karibu na mlango wa nyuma. Watatu kati ya wanne walikuwa sasa chini ya udongo. Aliyebaki alikuwa Kebaso. Wanaume wengine walifuata Jumapili na Jumatatu. Kisha akafungua kurasa za wanawake. Mwanamke wa kwanza kuugua aliandikwa Jumatano.

"Mama, Syprose anahudumia nani?"

"Wanawake. Mimi ndiye wa wanaume."

"Wewe umeugua?"

"Sijaugua, Mungu ni mwema."

"Na hiyo homa ya baada ya vita, mtu akiipata leo, inamlaza baada ya muda gani?"

"Siku mbili. Wengine siku tatu."

"Onyancha anasema Syprose alitoka Alhamisi jioni. Wanne wameugua Ijumaa alfajiri."

Elmina alifungua mdomo, kitambaa kikaingia ndani kidogo, kikatoka. Yeye ndiye aliyeandika barua ya kwanza kwa misheni, na misheni ndiyo iliyompelekea Bwana DC. Obiero alimwona akihesabu siku kwa vidole, akianza upya, akihesabu tena.

"Angewaambukiza wanawake kwanza," alisema Obiero. "Na isingekuwa usiku mmoja."

"Basi ni nani?"

"Nipeleke kwa Syprose."

Walikuwa wamemweka katika stoo ya viazi. Alikuwa mwanamke wa miaka kama thelathini, ameketi juu ya debe lililopinduliwa, na sketi yake bado ina matope yaliyokauka magotini, maana hakuna aliyempa maji ya kufua. Obiero alisimama mlangoni. Wote wawili walikuwa watu wa kutoka ziwani, lakini alimsemesha Kiswahili ili Elmina asikie.

"Mama Mellen."

Alishtuka kuitwa hivyo, kwa jina la mwanawe. Kwa siku kumi watu walikuwa wakimwita jina lake tu.

"Sikutoka, afande."

"Matope?"

"Nilipiga magoti."

"Kwa nini kule nyuma?"

"Kwa sababu pale kuna mwanya kwa juu, unaona laini kule chini bondeni. Tulipatana na Sellah. Mtoto akiwa nafuu, anaanika shuka nyekundu kwa mlango. Kila jioni nilienda nikaangalia. Jumatatu shuka iko. Jumanne iko. Jumatano hakuna." Alikuwa anasema polepole, akiziangalia kucha zake. "Alhamisi niliona watu wamejaa uwanjani, wamewasha moto nje. Nikasikia wakilia. Hakuna mtu aliniambia. Nilijua mimi mwenyewe."

"Hukwenda."

"Mama Elmina alisema siku ya kwanza, anayetoka asirudi, na akirudi analeta kifo. Nilihesabu, afande. Mtoto ni mmoja, tena ameshakufa. Wazee ni kumi na wanane, na wako hai. Ijumaa walimzika. Nilikuwa nalisha bibi mmoja uji."

Elmina, nyuma ya sajini, alitoa sauti ndogo. Obiero hakugeuka. Katika kazi yake alikuwa amesikia uongo wa kila rangi na alijua kwamba huu haukuwa mmoja wao, lakini lori la kesho halingesimamishwa na imani ya sajini. Alihitaji kitu cha kushikwa mkononi.

Alikwenda nyuma. Mvua ilikuwa imepungua kuwa manyunyu, na chini ya mteremko mashamba ya chai yalionekana yamelala, safu kwa safu, hakuna mchumaji hata mmoja. Alama za magoti za Syprose zilikuwa bado zinaonekana chini ya mwanya, mashimo mawili yaliyojaa maji. Michongoma hapo ilikuwa nene, yenye miiba ya urefu wa kidole. Mtu mzima asingepita bila kuacha nusu ya ngozi yake. Obiero alisukuma mkono, akautoa una damu, akaridhika.

Kisha akaanza kutembea kandokando ya ua, pole pole, kuelekea mlango wa nyuma wa chumba cha wanaume.

Hatua arubaini mbele alisimama. Kwenye ua, kwa kimo cha kifua cha mtu aliyekaa, palikuwa na tundu la ukubwa wa ngumi. Miiba yake ilikuwa imekatwa kwa kisu, na kingo zimelainika. Mbele ya tundu, upande wa ndani, vigogo vinne vya kuni vilikuwa vimepangwa kama viti vya kanisa. Nyasi chini yake zilikuwa zimelala.

Alizunguka nje kupitia langoni, huku Onyancha akimpigia kelele aoshe tena mikono. Upande wa nje wa tundu alikuta jiwe la kukalia, na mbele yake duara ardhini, mviringo kabisa, ambapo kitu kizito chenye kitako cha mviringo kilikuwa kimekaa. Ndani ya duara, udongo ulikuwa na makapi mekundu. Aliyachukua kwa ncha ya kidole. Yalikuwa makapi ya wimbi.

Akapima. Kutoka jiwe la nje mpaka kigogo cha kwanza cha ndani, akipita kwa macho katikati ya ua, zilikuwa hatua mbili. Hazikupungua hata unyayo. Na ili pasiwe na makosa, mtu alikuwa amechomeka kijiti kila upande.

Obiero alikaa juu ya lile jiwe chini ya manyunyu. Wahalifu aliowajua yeye walikimbia amri. Hawa walikuwa wameipima.

Aliporudi barazani alikwenda moja kwa moja kwenye ufito wa vitambaa. Aliviondoa kimoja kimoja, akampa Elmina avishike. Ufito ulikuwa mrefu kuliko yeye na nusu yake, mwepesi mno kwa ufito. Akaugeuza mwisho mmoja juu, akaona tundu. Mwisho wa pili ulikuwa na kifuko kidogo kilichosukwa kwa nyuzi, cha kuchujia, na ndani yake wimbi lililokauka.

"Huu umeutoa wapi, mama?"

"Mzee Kebaso alinipa. Alisema ni fimbo ya kuanikia. Wiki iliyopita, akiwa mgonjwa. Nilimshukuru." Elmina aliviweka vitambaa chini. "Ni nini?"

"Ni mrija wa pombe."

"Hapa hakuna pombe! Hii ni nyumba ya misheni!"

"Ndiyo maana wameifuata uani, mama."

Kebaso alikuwa ameegemezwa kwenye mto wa kitanda, blanketi mpaka kidevuni, uso umebaki mifupa na ndevu nyeupe. Alimwona sajini. Akauona mrija. Akafumba macho kama mtoto anayedhani asipoona haonekani.

Obiero alikaa hatua mbili, akapaza sauti. Chumba kizima kilikuwa kinasikia, na hilo halikuwa na dawa.

"Baba! Nani alikuwa upande wa nje?"

"Hapana jua."

"Chungu kilitembea chenyewe?"

"Mimi mzee. Mimi nasahau."

"Watatu waliokaa na wewe wamekufa. Syprose amefungiwa stoo kwa ajili ya chungu hicho. Kesho lori linakuja kuwatoa nyinyi wote hapa. Wewe utakwenda wapi, baba?"

Mzee alitikisa kichwa. Mkono wake ulichezea upindo wa blanketi. "Andika mimi. Andika Kebaso nilipika pombe, nilikunywa. Mtu mwingine hapana."

Alikuwa anamkinga mtu, na Obiero alimjua mtu huyo. Asubuhi ile, akipita laini, alikuwa amenakili kutoka kwa nyapara orodha ya waliokufa. Jina la tatu alikuwa amelisoma bila kulitilia maanani, mpaka Elmina alipolitaja barazani. Kulikuwa na njia moja tu ya kumfungua huyu mzee, na sajini hakuipenda. Baadaye, katika miaka mingi ya kazi, hakuwahi kuikumbuka bila aibu.

"Baba, unamkinga Bogonko," alipaza sauti. "Hakuna wa kumkinga. Bogonko amekufa."

Alilazimika kulirudia, kwa sauti kubwa zaidi, kwa sababu mara ya kwanza mzee hakusikia.

Mvua ilisikika kwenye mabati.

"Siku gani?"

"Jumapili ile."

"Nani alizika yeye?"

"Watu wa laini."

"Mimi hapana jua," alisema Kebaso. "Mimi nilikuwa hapa, nalala." Machozi yalikuwa yanateremka kwenye ndevu bila uso kubadilika. "Miaka tisa mimi sikusema na yeye, kwa sababu bibi yangu alikufa na yeye hakuja kuzika. Alikuwa shamba ya mzungu, hakupewa ruhusa. Mimi nilisema, ruhusa nini? Ndugu anakufa, wewe unaomba ruhusa? Miaka tisa. Halafu alisikia homa inakuja, akaogopa tutakufa na hii maneno katikati yetu. Akaja barabarani. Mimi sioni maneno, naona mdomo tu. Na maneno ya ndugu hapana pigia kelele barabarani, watu wote wanasikia. Kwetu inamalizwa na chungu moja."

"Siku gani alileta chungu?"

"Jumanne jioni. Alileta habari kwa mkono, ishara, nikaelewa. Tulikata tundu na kisu ya viazi. Hawa wengine watatu walikuwa mashahidi, kwa sababu kupatana bila shahidi si kupatana." Aliinua vidole viwili. "Hatukuvunja amri, afande. Tulipima. Hatua mbili. Hakuna mtu aligusa mtu."

"Mrija ulikuwa mmoja?"

"Moja. Kupatana ni mrija moja."

"Nani alianza?"

Kebaso alimtazama kama anayetazama mtu asiyefundwa. "Mwenye chungu anaonja kwanza. Hiyo ni kuonyesha hakuna sumu. Halafu anapitisha mrija kwa tundu, mimi nakunywa, halafu mashahidi."

"Alikuwa anakohoa?"

"Kidogo. Alikuwa ametoka kupeleka chai stesheni. Alisema ni vumbi ya majani." Akajifuta kwa blanketi. "Aliniomba msamaha kwa ile tundu. Nilisikia. Alitia mdomo kwa mrija kama simu ya wazungu, mimi nikaweka sikio. Nilisikia kila neno."

Mzee wa nyuma ya pazia alikuwa ameacha kukoroma, na Elmina akaenda upesi kumwona. Alirudi akiwa ameinamisha kichwa. Sasa walikuwa kumi.

Obiero aliandika ripoti yake barazani, kwa penseli, kwenye karatasi iliyobaki kavu. Aliandika tundu, makapi, mrija, daftari la homa. Aliandika kwamba lango halikuvunjwa na mtu yeyote, kwamba wahudumu walishika amri yote waliyopewa, na kwamba amri yenyewe ilisahau kitu kimoja: mtu anaweza kutengwa hatua mbili na bado akawa na ndugu. Sentensi hiyo ya mwisho aliifuta, Bwana DC asingeielewa. Akaandika badala yake kwamba Nyumba isifungwe, na aliyeleta chungu hashtakiki kwa sababu ni marehemu.

Ilikuwa kesi safi. Alihisi hata furaha kidogo, ile ya fundi aliyepigilia msumari wa mwisho. Akaenda kufungua stoo mwenyewe.

"Mama Mellen, toka. Huna hatia. Nimeiandika."

Elmina alikuwa amepita mbele yake, akapiga magoti kwenye matope ya mlangoni, akisema nisamehe, nisamehe mwanangu, niliandika ile barua. Syprose alimtazama kama mtu anayesikiliza kitu kingine mbali.

Obiero akamweleza. Alimweleza tundu, mrija, mashahidi watatu na homa ambayo Bogonko aliitoa stesheni, kwa ufupi na kwa mpangilio, kama afanyavyo mbele ya hakimu. Syprose alisikiliza mpaka mwisho.

"Chungu kilikuja siku gani?"

"Jumanne."

"Jumanne shuka nyekundu ilikuwa bado iko kwa mlango."

Furaha ile ndogo ikamtoka sajini, na akatamani angekuwa ameripoti kwa barua.

"Mellen amekufa Alhamisi," alisema Syprose. "Wakati mimi nimepiga magoti pale, hiyo homa ilikuwa imeshaingia?"

"Ilikuwa imeshaingia."

"Ilikuwa ndani siku mbili. Na mimi naizuia mlangoni."

Elmina alificha uso. Mvua ilikuwa imeanza tena, na kutoka chumba cha wanaume Kebaso aliita maji kwa sauti ya kiziwi, kubwa kupita kiasi.

"Umeandika sikutoka?" aliuliza Syprose.

"Nimeandika."

"Andika pia kwamba ningeenda. Wiki yote hii nilikuwa najiambia sikuenda kwa sababu ya wazee. Andika ningeenda, afande, na hakuna mtu angekufa kwa sababu yangu. Ningemfunika Mellen mwenyewe."

Fomu ya Serikali haikuwa na nafasi ya jambo kama hilo. Obiero aliigeuza karatasi upande wa nyuma, akailaza juu ya mlango wa stoo, akalamba ncha ya penseli, akaandika kama alivyoambiwa.